Onyesho la Kionjo Pekee

Onyesho la kionjo pekee ni sehemu ambayo mtazamaji huiona katika trela, lakini haimo katika filamu iliyokamilika. Ninaipendekeza istilahi hii kwa sababu "onyesho lililokatwa" halitoshi. Maonyesho mengi hukatwa bila umma kuyaona kamwe. Mengine hayajakatwa popote: kionjo cha kwanza cha The Incredibles (2004) kilimwonyesha shujaa mwenye kitambi akihangaika kufunga mkanda wake, tukio lililotengenezwa kwa ajili ya tangazo tu.

Neno "onyesho" limezoeleka katika uchambuzi wa tamthilia. "Trela" nalo tumelikopa, na lina historia yake: zamani vipande hivyo viliwekwa baada ya filamu, vikiifuata kama tela linavyofuata lori. Siku hizi hutangulia, kwa hiyo maana hiyo imefifia. "Kionjo" ni letu, limetokana na kitenzi kuonja, na wapenzi wa muziki husema kila siku "kionjo cha wimbo mpya". Ubora wake ni kwamba limebeba ahadi: aliyeonjeshwa mchuzi jikoni hutarajia kuukuta uleule mezani. "Pekee" linatuambia kwamba ahadi hiyo haikutimia.

Filamu za vichekesho huathirika zaidi. Trela huandaliwa mapema, mara nyingi na wahariri wengine kabisa, wakati filamu yenyewe bado inahaririwa. Waigizaji wa vichekesho nao hubuni papo hapo, utani mmoja ukarekodiwa kwa namna kadhaa. Kisha filamu hupelekwa kwa watazamaji wa majaribio, na pasipochekwa, mkasi hupita. Anchorman ya Adam McKay (2004) iliacha mabaki mengi kiasi kwamba yaliundiwa filamu nyingine nzima, Wake Up, Ron Burgundy, iliyotolewa kwa DVD.

Kisa kilicholifikisha jambo hili mahakamani ni cha Yesterday (2019), vichekesho vya mapenzi vilivyoongozwa na Danny Boyle, kuhusu mwanamuziki anayeikumbuka The Beatles ilhali dunia imeisahau. Trela ilimwonyesha Ana de Armas katika kipindi cha televisheni, mwanamuziki huyo akimwimbia. Katika filamu hayumo. Mwandishi wake, Richard Curtis, alieleza kwamba watazamaji hawakupenda kumwona mhusika mkuu akivutwa na mwanamke mwingine, wakati mapenzi yake ya kweli yako kwa mhusika wa Lily James.

Mwaka 2022 watazamaji wawili, waliokodi filamu hiyo mtandaoni kwa dola 3.99 kila mmoja, waliishtaki studio ya Universal. Studio ilijitetea kwamba trela ni kazi ya sanaa inayolindwa na uhuru wa kujieleza. Desemba mwaka huo, Jaji Stephen Wilson wa mahakama ya shirikisho huko California alikubali kwamba trela ina ubunifu, ila akasema kiini chake ni tangazo la biashara, hivyo sheria za matangazo ya udanganyifu zinaweza kuigusa. Hoja yake inakubaliana na kile ambacho neno "kionjo" linakidai: kinachoonjeshwa kiwe sehemu ya kinachouzwa.

Istilahi hii haimhukumu mtengenezaji. Onyesho lililoondolewa baada ya trela kutoka ni matokeo ya kawaida ya uhariri, na mhariri ana haki ya kukata kinachoidhoofisha hadithi. Lakini filamu ikishakamilika, hakuna mtengenezaji asiyejua kilichomo na kisichomo. Watazamaji wale walikodi filamu muda mrefu baada ya kutoka kwake. Kwa hiyo anayeendelea kuuza filamu kwa trela ya zamani ana wajibu wa kuihariri upya, hasa pale onyesho la kionjo pekee linapombeba nyota ambaye mnunuzi anamlipia.