Pampu ya Insulini Bila Mrija: Cheki Venye Unaishi Nayo Watamu
Omnipod ni kidude kidogo unabandika kwa tumbo ama mkono. Marekani waliidhinisha ya kwanza 2005. Inabeba hadi yuniti 200 za insulini, na baada ya siku 3 unabandika ingine.

Kuogelea Watamu Marine Park? Ruka tu, inavumilia mita 7.6 kwa dakika 60. Rimoti ndio uache kwa kivuli. Dozi ya chini itaendelea kuingia.

Noma ni jua. Joto likipita nyuzi 37, insulini inaweza kuharibika. Stima ikipotea, mtungi wa udongo ulioloa unapoza akiba.

Na usitoke keja bila sindano na insulini. Pampu hutumia ile ya haraka pekee, so ikikwama, ketoni zinapanda ndani ya masaa machache. Sukari juu na unatapika? Mbio hosi.