Ugezi wa Televisheni na Dhamana ya Mtengenezaji

Ugezi ni kazi ya kulinganisha kile ambacho kifaa kinaonyesha na kigezo kinachokubalika, kisha kuandika tofauti iliyopo kati ya viwili hivyo. Neno hili limetokana na kitenzi geza, chenye maana ya kufuatisha mfano, ambacho ndicho kilichozaa pia neno kigezo, na nchini Tanzania limezoeleka katika maabara za Shirika la Viwango, ambako mizani, vipimajoto na vifaa vingine vya kupimia hukaguliwa. Mafundi wa mitaani husema "kuseti picha", na wako wanaoandika kalibresheni, lakini ugezi unafaa zaidi, kwa kuwa unamkumbusha msikilizaji kwamba picha hairekebishwi kwa kumfurahisha mtazamaji bali kwa kufuata kigezo.

Kwa upande wa televisheni, kigezo hicho kipo wazi. Pendekezo la BT.709 la Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano, lililotolewa mara ya kwanza mwaka 1990, linaeleza rangi tatu za msingi za picha ya ubora wa juu pamoja na weupe uitwao D65, unaokaribia mwanga wa mchana na wenye jotorangi la takriban kelvini 6,500. Lile la BT.1886, la mwaka 2011, linaeleza jinsi mwangaza unavyopaswa kupanda kutoka weusi hadi weupe. Televisheni nyingi hutoka kiwandani zikiwa zimewekwa katika hali ya picha inayoelemea bluu, kwa sababu picha ya namna hiyo huvutia macho dukani penye taa nyingi. Mgezi huweka kipimarangi mbele ya kioo, huonyesha kipande cheupe katikati ya giza, husoma kwamba bluu imezidi, huipunguza hatua mbili, husoma tena, na huendelea hivyo kuanzia kijivu kilichofifia hadi cheupe kinachong'aa, mpaka kosa la rangi, linalopimwa kwa kizio cha delta E, lishuke chini ya 3, kiwango ambacho chini yake jicho la kawaida hulitambua kosa hilo kwa shida.

Msamiati wa Kimataifa wa Metrolojia, katika toleo lake la tatu la mwaka 2008, unaonya kwamba ugezi usichanganywe na urekebishaji, kwa maana ugezi hupima na kulinganisha tu, ilhali urekebishaji hubadilisha kifaa chenyewe. Katika biashara ya televisheni matendo hayo mawili hubebwa na jina moja, na ndiyo sababu muuzaji anayemwambia mteja kwamba ugezi "unaua waranti" huwa hajasema lolote la maana, kwa kuwa hajataja tendo analolihofia.

Dhamana ya mtengenezaji, ambayo madukani huitwa waranti au garantii, ni ahadi ya maandishi kwamba kasoro ya vipuri au ya utengenezaji itaondolewa bila malipo ndani ya muda uliotajwa. Kupima mwanga unaotoka kwenye kioo hakugusi ahadi hiyo hata kidogo. Kurekebisha kwa kutumia menyu ya mtumiaji nako ni matumizi ya kawaida ya televisheni, kwa sababu vidhibiti vya weupe na vya rangi vimewekwa humo na mtengenezaji mwenyewe ili vitumiwe. Tatizo lipo kwenye menyu ya huduma, ile iliyofichwa na kufunguliwa kwa mfuatano maalumu wa vitufe vya rimoti, kwa kuwa humo hukaa pia mipangilio ya aina ya paneli na mengine ambayo yakikosewa huweza kuiacha televisheni haiwaki kabisa, na madhara ya namna hiyo mtengenezaji ana haki ya kukataa kuyalipia.

Nchini Marekani jambo hili lina sheria yake, Sheria ya Dhamana ya Magnuson-Moss, iliyotiwa saini na Rais Gerald Ford tarehe 4 Januari 1975. Sheria hiyo kwa kawaida inamkataza mtengenezaji kuifunga dhamana na sharti la kutumia fundi au kipuri cha chapa fulani, isipokuwa huduma hiyo itolewe bure. Kwa hiyo spika ikifa katika televisheni iliyogezwa na mtaalamu wa nje, haitoshi kusema kwamba mtu mwingine aliigusa, bali mtengenezaji atapaswa kuonyesha kwamba kazi ya mtu huyo ndiyo iliyoiharibu. Huo ndio msimamo wa haki, tena unaopatana na fizikia, kwani picha iliyogezwa kwa chumba cha giza huwekwa kwenye mwangaza wa takriban kandela 100 kwa mita ya mraba, ambao ni hafifu kuliko ule wa dukani, na hivyo huipunguzia paneli mzigo.

Lililo gumu zaidi kwa mwenye televisheni ni kwamba dhamana haiulindi ugezi wenyewe. Bodi kuu ikibadilishwa chini ya dhamana, namba zote alizoziweka mgezi huondoka nayo, na mtengenezaji halipii kurudishwa kwake. Ripoti yenye namba hizo ikiwa imehifadhiwa, zinaweza kuingizwa upya kwenye bodi mpya, kisha zikahakikiwa kwa kipimarangi. Lakini paneli ikibadilishwa, namba za zamani hazifai tena, kwa kuwa hata paneli mbili za modeli moja hazitoi rangi zinazolingana kabisa, na kazi huanza upya kwa gharama ya mteja.