Lahaja, Tabaka na Mapenzi katika Filamu za Uingereza, 1959–1969

Kwa muda mrefu filamu za Uingereza zilimpa mfanyakazi nafasi ya mtumishi au mchekeshaji, na shujaa mara nyingi alisema Kiingereza cha waungwana. Desturi hiyo ilivunjwa tangu mwaka wa 1959, riwaya na michezo ya waandishi wa tabaka la wafanyakazi ilipoanza kutengenezewa filamu.

Ya kwanza kuvuma ni Room at the Top (1959), iliyotokana na riwaya ya John Braine. Joe Lampton, karani maskini, amwacha mwanamke ampendaye ili amwoe binti wa tajiri. Mwanamke yule afa, naye Joe atoka harusini akilia. Hapa ndoa ni ngazi ya kupandia, na ada yake hulipwa na mwingine.

Arthur Seaton wa Saturday Night and Sunday Morning (1960) hatamani kupanda. Yeye ni mkereza vyuma katika kiwanda cha baiskeli mjini Nottingham. Mshahara wamtosha kwa suti na pombe, lakini haumtoi kiwandani. Apata kumpa mimba Brenda, mke wa mwenzake wa kazi. Katika riwaya ya Alan Sillitoe, mimba ile yatolewa. Wakaguzi wa filamu walikataa, na katika filamu jaribio hilo likashindwa. Hivyo basi, filamu iliyosifiwa kwa ukweli wake ilinyamazishwa mahali palipomhusu zaidi mwanamke. Sheria iliyoruhusu utoaji mimba kwa masharti ilipitishwa mwaka wa 1967.

Upungufu huo ulipunguzwa na A Taste of Honey (1961), kutokana na mchezo wa Shelagh Delaney wa Salford, ulioonyeshwa mwaka wa 1958 naye akiwa na umri wa miaka 19. Jo, msichana mwenye mimba ya baharia mweusi, ndiye kiini cha hadithi, wala si adhabu ya kijana mwanamume.

Jambo la kuangaliwa zaidi ni lugha. Wahusika hawa walisema lahaja za kwao bila ya kuchekwa. Hata hivyo, Kes (1969), iliyopigwa Barnsley, ilibidi baadhi ya maneno yake yarekodiwe upya kwa ajili ya watazamaji wa nchi za nje. Lahaja ilikuwa imekwisha kupata heshima nyumbani. Sokoni ilikuwa bado yadaiwa tafsiri.