Baiskeli ya babu ilitoka huku huku

Nimekuwa kimya wiki kadhaa, shifti za usiku zimenimaliza. Ile picha ya baiskeli iliyojaa matope niliyoweka mara ya mwisho imeniletea simu na meseji kuliko hata picha za harusi! Shangazi ameuliza kama gari nimeuza. Mjomba wa Kahama kasema, "Yaani umevuka bahari ukaendeshe baiskeli kwenye tope?" Na mtoto wa dada, yule wa kidato cha tatu ambaye siku hizi anaona haya babu akimfuata shuleni na baiskeli, kaandika "hahahaaa" tu, basi. Sasa leo nawajibu wote kwa mpigo. Wekeni chai, ni ndefu kidogo.

Mchezo wenyewe unaitwa graveli, maana yake changarawe. Baiskeli ina usukani uliopinda kama ya mashindano, lakini matairi yake ni mapana kidogo, na watu wanaikimbia lami makusudi. Wanapita njia za mashambani, kando ya mifereji na misituni, kutoka mji wa kale mmoja hadi mwingine. Mwenzangu mmoja kazini huenda Hispania kila mwaka kwa ajili hiyo tu. Kule tangu 1993 wamekuwa wakigeuza reli zilizokufa kuwa njia za baiskeli na waenda kwa miguu, wanaziita Vías Verdes, na sasa zimezidi kilomita 3,000. Bei ya baiskeli hizo msiniulize, zipo zinazozidi pikipiki mpya. Kwetu Shinyanga safari hiyo hiyo inaitwa kwenda gulioni, na hakuna anayekutoza kiingilio.

Mimi Hispania siendi. Naanzia mlangoni kwangu.

Northfield ninapoishi ni kusini-magharibi mwa Birmingham. Leo ni mtaa wa jiji, mabasi na maduka, lakini jina lake maana yake ni uwanda wa kaskazini, na limeandikwa kwenye kile kitabu cha mfalme William cha kuhesabu ardhi na mali, cha mwaka 1086. Kilikuwa kijiji cha mkoa wa Worcestershire mpaka 1911 Birmingham ilipokimeza. Kijiji bado unakiona ukijua pa kutazama: kanisa la Mtakatifu Laurence ambalo sehemu zake ni za karne ya 12, na karibu yake jiwe kubwa ambalo wataalamu wanasema liliburutwa na barafu kutoka Wales zama za barafu. Baa ya jirani imechukua jina la hilo jiwe. (Wazungu hawaachi kitu bila kukifungulia baa.) Ukishuka kidogo unafika Longbridge, ambako Herbert Austin alianzisha kiwanda chake cha magari mwaka 1905. Miaka 100 baadaye, Aprili 2005, kampuni ya MG Rover iliyokuwa hapo ikafilisika na watu zaidi ya 6,000 wakapoteza kazi. Majirani zangu wazee wakikitaja kiwanda hicho huwa kama wanataja marehemu.

Kando ya mto Rea inapita njia ya taifa ya baiskeli namba 5, ile inayotoka Reading hadi Holyhead kule Wales. Naishika hiyo hadi Kings Norton, kisha naingia kwenye mfereji wa Worcester na Birmingham. Bunge liliupitisha mwaka 1791 na ulikamilika 1815, kilomita kama 48, ukiwa na milango ya maji 58 ya kupandisha na kushusha mashua. Ile njia tunayopita kando ya maji haikuwekwa kwa ajili ya baiskeli hata kidogo, ilikuwa ya farasi waliovuta mashua za makaa ya mawe na chumvi. Pale mfereji unapoingia chini ya kilima cha Wast Hill, shimo la kama kilomita 2 na nusu, njia ya farasi haimo. Farasi walifunguliwa wakapita juu ya kilima, na mwenye baiskeli naye anapanda kilima hivyo hivyo. Mbele, baada ya Alvechurch, ndiyo Tardebigge: milango 30 imefuatana kwenye mteremko mmoja, hakuna mfululizo mrefu kuliko huo Uingereza nzima. Nikifika hapo huwa nashuka, nakula andazi langu, naangalia mashua ikihangaika. Hawana haraka watu wale!

Kutoka hapo ni mashamba. Ngano, kondoo, farasi, na udongo mwekundu ambao ukikauka kwenye pedeli unadhani umetoka Kahama. Msifikiri unajipitia tu unapotaka. Njia za miguu shambani haziruhusu baiskeli, lakini njia za farasi zinaruhusu tangu sheria ya 1968, kwa sharti kwamba mwenye baiskeli awapishe wenye miguu na wapanda farasi. Kwa hiyo unasimama, unasalimia, unafunga geti la mwenye kondoo, unaendelea. Nimeipenda sheria hiyo. Shamba ni la mtu, lakini njia ni ya wote na haiwezi kufungwa kwa kupenda kwake.

Safari yangu huishia Bromsgrove, na hapa ndipo nataka mnisikilize vizuri. Bromsgrove ulikuwa mji wa misumari. Familia nzima, baba, mama na watoto, walifua misumari kwa mkono kwenye vibanda nyuma ya nyumba, kwa ujira wa shida, mpaka mashine zikawamaliza. Birmingham nako walikuwepo wa misumari. Mmoja wao alikuwa John Reynolds, aliyeanza mwaka 1841. Mwaka 1897 kampuni yake ikapata hataza ya mabomba ya chuma ambayo ni mazito nchani na membamba katikati, na 1935 ikatoa bomba lililoitwa 531, ambalo mafundi wa baiskeli dunia nzima walilijua. Kutoka msumari hadi fremu ya baiskeli!

Na hawakuwa peke yao. BSA waliungana mwaka 1861 kama watengeneza bunduki wa Birmingham, ndiyo maana nembo yao ni bunduki tatu zilizoegemeana. Hercules ilianzishwa hapa hapa mwaka 1910 na ndugu wawili, Edmund na Harry Crane. Phillips walikuwa Smethwick, jirani tu. Viti vya ngozi vya Brooks, vile vyenye springi nyuma, ni vya hapa pia, kampuni yao ilianzishwa 1866. (Raleigh ni wa Nottingham, msichanganye.) Makampuni hayo yalipakia baiskeli melini kwenda makoloni yote, na ndizo zilizofika kwenye maduka ya Wahindi kwetu, mpaka minadani. Zile nyeusi, rimu kubwa za inchi 28, breki za vyuma badala ya nyaya, karia nyuma ya kubeba gunia la pamba. Wakenya wanaziita Black Mamba.

Mnajua kwa nini zilikuwa nzito na imara vile? Si kwa sababu Mwafrika anapenda chuma kizito. Zilichorwa wakati barabara za Uingereza yenyewe zilikuwa mavumbi na mawe. Mwaka 1886, kabla ya gari kuonekana nchi hii, vyama vya waendesha baiskeli vilianzisha umoja wa kudai barabara zitengenezwe, kwa sababu walichoka kuvunjika mbavu. Lami waliyoipigania ikaja, kisha magari yakawafukuza juu yake. Mwaka 1955 watu wachache waliokusanyika kwenye baa moja ya Leominster, mji ulio magharibi ya huku, wakaunda chama cha kuendesha baiskeli kwenye njia mbovu kwa raha zao, Rough-Stuff Fellowship, na bado kipo. Kwa hiyo ile nyeusi iliyoegemea ukuta kwa babu ndiyo graveli ya kwanza, na njia ya Kahama haikuacha kamwe kuwa graveli. Wewe wa kidato cha tatu, umesoma hapo?

Lakini hadithi hii ina upande wake mchungu na sitauruka. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo kule Belfast, alipata hataza ya tairi la upepo, na muda si mrefu dunia nzima ikataka mpira. Wakati ule Kongo ilikuwa mali binafsi ya mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji, tangu 1885 hadi 1908. Vijiji vilipangiwa kiasi cha mpira wa porini cha kuleta, na walioshindwa walichapwa, wanawake wao walishikwa mateka, wengine walikatwa mikono, wengi mno waliuawa. Ripoti ya Roger Casement kuhusu mambo hayo iliwekwa mbele ya Bunge la Uingereza mwaka 1904. Wazungu wa miaka ile walioteleza mashambani siku ya Jumapili walikalia upepo ule.

Viwanda vyenyewe vimekwisha. BSA waliuza upande wa baiskeli kwa Raleigh mwaka 1957, na 1960 Phillips na Hercules nazo zikawekwa chini ya Raleigh. Nottingham kwenyewe kazi ilikoma miaka ya mwanzo ya 2000. Majina yakahamia India, ambako Hercules ilianza kutengenezwa Madras tangu miaka ya 1950. Huku amebaki Brooks, bado anashona viti Smethwick ingawa mwenye mali sasa ni Mtaliano, na Reynolds na mabomba yake.

Na kwetu? Pale mpakani Busia, vijana wa Kenya na Uganda walivusha watu kwa baiskeli miaka ya 1960 na 70, ndipo neno bodaboda lilipozaliwa. Shinyanga na Tabora tuliziita daladala, mnakumbuka mto wa sponji juu ya karia? Mwaka 2021 yakaanza mashindano ya Migration Gravel Race huko Maasai Mara, siku 4, kama kilomita 650 za vumbi, ili vijana wa Kenya, Uganda na Rwanda washindane na wataalamu wa Ulaya bila kuhangaikia viza. Nahodha wao wa timu ya Amani alikuwa Sule Kangangi, Mkenya. Alikufa tarehe 27 Agosti 2022 akiwa mashindanoni Vermont, Marekani, kwenye barabara ya changarawe. Alikuwa na miaka 33, ameacha mke na watoto. Septemba 2025 ubingwa wa dunia wa barabarani ukafanyika Kigali, mara ya kwanza kabisa Afrika. Nilitazama nikamkumbuka yeye, ambaye angestahili kuwepo.

Sasa nina ombi. Yeyote mwenye baiskeli kuukuu uani, hata kama imegeuka kitagio cha kuku, afute vumbi pale mbele chini ya usukani, panapobandikwa nembo, anipigie picha. Bunduki tatu ni BSA. Ikiwa Hercules, tazameni kama imeandikwa Birmingham au India. Ya babu nadhani ni Hercules, ila mjomba anabisha ni Phillips, na kiti alishabadilisha tangu mwaka wa mvua za El Niño. Mkinitumia, Jumamosi ya jua nitapita kwenye mtaa ilikotengenezwa niwapigie nami picha, ingawa najua nitakachokuta ni maghala na maegesho ya magari.