EPROM (kuifuta na kuiandika upya)

EPROM ni chipu ya kumbukumbu isiyopoteza data umeme ukizimwa, na inayoweza kufutwa kwa mwanga wa urujuanimno. Iliundwa na Dov Frohman wa kampuni ya Intel mwaka 1971. Kompyuta nyingi za nyumbani za miaka ya 1980, kama BBC Micro, zina soketi zinazoipokea.

Chipu iliyofutika husomeka FF katika kila baiti, yaani biti zote ni 1. Kuandika hugeuza 1 kuwa 0 tu. Kurudisha 1 hudai kufuta chipu nzima. Ikisomeka vinginevyo baada ya kufutwa, kwanza safisha gundi ya lebo kwenye kidirisha chake kinachopitisha mwanga, kisha chunguza taa ya kufutia. Inahitajika taa ya nanomita 254, kwa dakika 15 hadi 20 hivi. Taa za kukaushia rangi ya kucha hazifai. Hata jua kali la Shianda, Kakamega, karibu na ikweta, ni mbadala mbovu: huchukua takribani wiki nzima. Mwanga wa taa ya kufutia huunguza macho, hivyo iwashwe ndani ya kisanduku kilichofungwa.

Uandishi ukikwama, chanzo cha kawaida ni volti. EPROM ya modeli 2716 hudai volti 25, 2732A hudai 21, ilhali 27C256 hutosheka na 13 hivi. Vifaa vingi vya bei nafuu vya kuandikia havifiki 25, na volti 25 zikiingia kwenye 2732A huiua.

Kompyuta ya Commodore 64 ina tatizo lake: soketi za chipu zake za ROM (kumbukumbu ya kusomwa tu) za pini 24 hazilingani na EPROM ya 2764 yenye pini 28, hivyo adapta ni lazima.

Baada ya kuandika, linganisha data ya chipu na ile ya asili, kisha funika kidirisha kwa lebo isiyopitisha mwanga.