Kidonda cha Mhusika: Kutoka Meza za Marekani mpaka Kavimvira

Wandugu, leo sitaongea juu ya wafalme wala mikataba. Naleta historia ya michezo ya kuigiza mezani. Ni ile ambayo watu wanne ao watano wanakaa pamoja, kila mmoja na mhusika wake aliyeandikwa kwenye karatasi, mmoja anaongoza hadithi, na dadu zinaamua kama umefaulu ao umeshindwa. Hapa Uvira wengi hawaijui, sisi ni watu wa ludo na karata. Lakini kuna swali ambalo limewasumbua waandishi wa michezo hii kwa miaka mingi, na mutu yeyote wa Kavimvira angekuwa na la kuwaambia: mhusika akishapatwa na jambo baya sana, kesho yake anaamka akiwa nani?

Mchezo wa kwanza wa namna hii kuuzwa ni Dungeons & Dragons, uliotoka Marekani mwaka 1974, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson. Wote wawili walitokea kwenye michezo ya vita, ya kusogeza askari wadogo juu ya meza, na hiyo inaonekana. Uzima wa mhusika ulikuwa hesabu ya pointi. Joka likikuchoma unapoteza pointi. Ukibakiwa na moja tu unapigana sawasawa na yule mwenye zote. Ukipumzika ao kasisi akikuombea, zinarudi. Je, rafiki yako ameliwa mbele ya macho yako? Hakuna pointi ya hiyo. Unachukua upanga wake na dhahabu yake, safari inaendelea.

Tusiwacheke. Wakati ule hata kitabu rasmi cha madaktari wa akili wa Marekani hakikuwa na jina la kidonda kinachobaki ndani ya mutu miaka kisha vita. Jina liliingia mwaka 1980, toleo la 3 la kitabu hicho, kisha askari waliorudi kutoka Vietnam na madaktari waliowaunga mkono kudai sana. Mwaka uliofuata, 1981, Sandy Petersen alitoa Call of Cthulhu kwenye kampuni ya Chaosium. Sisemi kimoja kilizaa kingine. Nasema tu kwamba ndani ya miaka miwili, hospitali na meza ya mchezo zote zilianza kuandika kitu ambacho zamani hakikuandikwa.

Katika Call of Cthulhu mhusika ana pointi za akili timamu. Akiona maiti ao kiumbe cha kutisha, dadu zinarushwa na pointi zinapungua. Tena, kadiri anavyojua siri za ule ulimwengu wa kutisha, ndivyo kiwango cha juu cha akili yake kinavyoshuka, na hakipandi tena. Hapo naheshimu kabisa: kuna mambo mutu akishayajua hawezi kuyasahau, hata alale mwezi mzima. Kinachonikera ni ile orodha ya wazimu. Ukipoteza pointi nyingi kwa mara moja unaweza kupewa ugonjwa kwa kurusha dadu, kama tombola. Umeona ndugu yako akifa, dadu inakupa kuogopa sehemu zilizofungwa. Kisha mezani watu wanaanza kuigiza mwenda wazimu ili wenzao wacheke. Na sisi je? Siku hizi kijana akisahau simu nyumbani wanamwambia « umetromatizwa weye ». Tombola yetu hiyo.

Mchezo ulionisimamisha ni Unknown Armies wa mwaka 1998, wa Greg Stolze na John Tynes. Wao waligawanya mshtuko katika njia tano: ukatili, mambo yasiyo ya kawaida, kukosa uwezo wa kufanya lolote, upweke, na kujisaliti mwenyewe. Kwa kila njia mhusika anakusanya alama za aina mbili. Akishindwa kuvumilia, anapata alama ya kuvunjika. Akivumilia, hapati zawadi: anapata alama ya kuzoea. Mwenye alama nyingi za kuzoea ukatili hashtuki tena kwa jambo dogo, na huku kutoshtuka kunahesabiwa kuwa kidonda vilevile.

Someni tena hiyo sentensi mkifikiria mtaa wetu. Oktoba 1996 vita viliingia Uvira, na toka hapo hesabu imekuwa ndefu. Usiku wa tarehe 13 Agosti 2004, ng'ambo ya mpaka, katika kambi ya wakimbizi ya Gatumba, watu zaidi ya 150 waliuawa, wengi wao Banyamulenge. Aprili 2020 mito ilifurika usiku mmoja na kubeba watu na nyumba. Mwaka 2024 ziwa lenyewe lilipanda likaingia sebuleni mwa watu. Nimekaa na watoto wanaosikia risasi na kuendelea kula, mmoja anataja tu aina ya bunduki kwa mlio. Wakubwa wanasifu: « Huyu ni mwanaume. » Waandishi wawili wa mbali, wasiotujua, wameandika sheria ya mchezo inayoita hiyo kidonda. Mimi nawapa haki.

Tusidhani lakini kwamba wazungu wa dadu walikuwa peke yao. Huku kwetu kazi hiyo ilifanywa na redio. Mwaka 2004 Radio Rwanda ilianza kurusha Musekeweya, mchezo wa kuigiza wa shirika La Benevolencija, juu ya vijiji viwili vya kubuniwa, Bumanzi na Muhumuro. Kuna ugomvi wa udongo, kuna kiongozi mchochezi, kuna shambulio na kisasi, kuna wapenzi wawili, Shema na Batamuriza, kila mmoja wa upande wake. Vipindi vilienda miaka na miaka, kwa hiyo mhusika aliyeumizwa hakuweza kuanza upya juma lililofuata. Wasikilizaji walimfuata wakati anaogopa, anakasirika, anatafuta wa kuongea naye. Ujumbe mmoja ulikuwa wazi: mwenye kiwewe si mwenda wazimu, anaeleweka, na anaweza kupona.

Mtafiti Elizabeth Levy Paluck alipima matokeo na kuyachapisha mwaka 2009. Imani za wasikilizaji hazikubadilika sana. Kilichobadilika ni mawazo yao juu ya lililo la kawaida watu kufanya, pamoja na matendo yao.

La Benevolencija ilileta mchezo wa namna hiyo mashariki mwa Kongo, kwa Kiswahili, jina Kumbuka Kesho. Paluck akapima tena. Sehemu zingine zilisikia mchezo peke yake. Zingine zilisikia mchezo pamoja na kipindi cha kuwahimiza wajadiliane. Matokeo ya mwaka 2010 yanachoma. Waliohimizwa waliongea zaidi, ndiyo, lakini walikumbuka zaidi malalamiko yao na wakawa wagumu zaidi kwa wasiowapenda. Walipopewa chumvi na kuombwa wagawie kikundi wasichokipenda, walikuwa wepesi zaidi kukataa. Kwetu kila semina inaisha na « tuongee, tutapona ». Kumbe inategemea mnaongea nini.

Hayo yote nilikuwa nayo kichwani mwaka jana tulipoanza mchezo wetu, watu sita, kwenye parseli moja hapa Kavimvira, kila Jumapili alasiri. Dadu ni za ludo. Kijiji ni cha kubuniwa, kando ya ziwa. Katika kipindi cha tatu mafuriko yalibeba mdogo wa mvuvi wetu. Jumapili iliyofuata mwenye kumcheza alimleta sokoni, mchangamfu, anapandisha bei. Dada mmoja, anayesoma uuguzi, akamkata:

« Huyu mutu alifwisha mdogo wake wiki imepita, leo iko anauzisha ndagala na kucheka? Hapana, ile ni bongo. »

« Sasa alie mpaka lini, dada? Weye ulilia mpaka lini? »

Tulinyamaza kidogo. Kila mmoja pale ana wa kwake.

Tuliacha pointi. Tukakubaliana kwamba kisha jambo zito, mwenye mhusika, si dadu, ataandika sentensi moja: kitu ambacho mhusika hafanyi tena, ao anachofanya sasa ambacho hakufanya mbele. Mvuvi aliandikiwa: « Haendi ziwani usiku wa giza. » Mnajua maana yake. Ndagala wanafuata taa, na taa inafanya kazi usiku usio na mwezi. Basi amepoteza usiku wa pesa. Deni la wavu likabaki, jirani akachukua taa zake kwa kukodi, shemeji akaanza kumwita mvivu. Kidonda kilikuwa cha mutu mmoja. Kwa vipindi vitatu kikawa kazi ya kijiji kizima. Hakuna orodha ya wazimu ingetupa hiyo.

Katikati ya meza tunaweka kiberiti. Anayekigusa, tunaruka tukio hilo na hatuulizi kwa nini. Wazo si letu, ni la John Stavropoulos wa Marekani. Yeye anatumia karatasi yenye herufi X. Kimeguswa mara mbili. Na mwisho wa mchezo, sababu ya ile chumvi, hatujadili nani alikosa. Tunajibu tu: kesho mhusika huyu atapita kwa nani?

Mvuvi bado hajarudi ziwani usiku wa giza; mwenyewe anasema labda kiangazi. Anayetushinda ni mhusika mwingine, kijana wa miaka 12. Kwenye karatasi yake sentensi zote ni za kuzoea: halii, hakimbii, hashtuki. Kijijini wanamsifu. Jumapili ijayo tutamcheza tena, na mpaka leo hakuna hata mmoja kati yetu sita aliyepata sentensi ya kumwandikia.