Virutubisho vya mimea kwa kuku wa nyama

Virutubisho vya mimea ni majani, mizizi, mbegu na viungo vinavyochanganywa na chakula au maji ya kuku ili kuimarisha matumbo na kinga yao. Katika mitaa ya Eastlands, mashariki mwa Nairobi, kama Kayole, Dandora na Njiru, wafugaji wa broila hutumia sana alovera, pilipili kali, kitunguu saumu, mwarobaini na mlonge. Jani la alovera hukatwakatwa na kulowekwa kwenye ndoo usiku kucha, asubuhi maji yakachujwa na kutiwa kwenye vinyweshea. Pilipili haiwachomi kuku kama inavyotuchoma sisi, kwa kuwa mishipa yao ya fahamu haishtushwi na kapsaisini, kemikali inayoipa pilipili ukali wake.

Broila hufikia uzito wa kuchinjwa kwa takriban wiki tano hadi saba, na mara nyingi mabanda ya mjini ni finyu. Kwa hiyo maradhi huenea upesi, na mfugaji hukimbilia antibayotiki za dukani hata pasipo ugonjwa. Mtindo huo huzalisha bakteria sugu wanaoweza kumfikia mlaji. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku antibayotiki za kukuzia mifugo kuanzia Januari 2006, na tangu hapo hamu ya mimea mbadala imeongezeka duniani. Kenya nayo ilitoa sera ya kitaifa ya kudhibiti usugu wa dawa mwaka 2017.

Alisini ya kitunguu saumu huua bakteria kadhaa maabarani, ila tumbo la kuku si kisahani cha maabara: kipimo, umri na chakula hubadilisha matokeo. Mwaka 2002 watafiti walichapisha majaribio ya kuwapa kuku wenye ugonjwa wa kideri utomvu wa Aloe secundiflora, alovera ya asili ya Afrika Mashariki. Vifo vilipungua, havikukoma.

Kipimo ndicho huharibu mambo zaidi. Utomvu wa alovera huharisha. Ukizidi, kinyesi huwa majimaji na maranda ya sakafuni hulowa, na ndani ya unyevu huo mayai ya vimelea vya koksidia, vinavyoleta kuhara damu, hukomaa kwa siku moja au mbili. Mfugaji aliyetaka kuzuia ugonjwa huo huwa ameuandalia makao. Mwarobaini ukikolea huwa mchungu, kuku wakasusa chakula na uzito ukadorora. Mlonge una afadhali: majani yake makavu yana protini karibu robo ya uzito wake, japo hayatoshi kuchukua nafasi ya soya au dagaa.

Hakuna mmea unaochukua nafasi ya chanjo. Broila wachanjwe dhidi ya kideri na ugonjwa wa Gumboro katika wiki tatu za kwanza, maranda yakae makavu, na kuku wakianza kufa ghafla, mzoga upelekwe maabara ya mifugo ya Kabete kabla ya waliobaki kuchemshiwa mwarobaini.